Baba Yangu, Mguu Mmoja na Mashimo 18

Kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye kurasa hizi, na nje ya mume wangu sijawahi kumwambia mtu. Siku ya mahafali yangu ya chuo, mwaka 2012, nilimwambia Baba asije.

Sikumwambia hivyo hivyo, jamani. Nilikuwa nachukua shahada ya mawasiliano, kwa hiyo maneno nilikuwa najua kuyapamba. Nilisema, "Baba, pale ukumbini kuna ngazi nyingi, halafu jua ni kali. Utateseka bure. Nitakuletea picha." Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa, mwanangu." Hakuuliza ngazi ni ngapi. Mama akaja peke yake na kitenge chake kipya. Kwenye picha zote za siku ile, upande wa kulia wa Mama kuna nafasi ya mtu mmoja.

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa na miaka 22, nina marafiki wa maana, na sikutaka wamwone Baba akivuta mguu kuelekea kwenye kiti. Nilijiambia namhurumia. Huruma, mwenzangu, ni shuka pana sana. Unaweza kufunika chini yake mambo mengi ambayo hutaki yaonekane.

Leo nataka nikusimulie jinsi nilivyokuja kuvuliwa shuka hilo, tena mahali ambapo sikutegemea kabisa: kwenye uwanja wa gofu.

Mguu uliobaki Lukaya

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia mkoani Kagera. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Baba alikuwa kijana wa miaka 20, askari mpya kabisa, na hata leo akiyataja maneno yale matatu anakaa wima.

Machi 1979 kikosi chao kilikuwa Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, kwenye barabara inayokatiza kinamasi. Huko kombora lilitua karibu yao. Hasimulii zaidi ya hapo. Anachosema ni kwamba Aprili, wenzake walipoingia Kampala, yeye alikuwa kitandani hospitalini akisikiliza redio, na mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Wodi nzima ilishangilia. Yeye pia alishangilia, anasema, halafu akageukia ukutani.

Baadaye alipata mguu wa bandia. Ule anaoutumia sasa ulitengenezwa Moshi, pale KCMC, ambako tangu 1981 kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Jeshi halikumwacha. Walimpa kazi stoo, na hadi anastaafu kazi yake ilikuwa kugawa sare na buti. Buti jozi jozi, miaka nenda rudi. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaiwaza kazi ile, nikakosa la kusema.

Nyumbani kwetu Mbezi tulilelewa kwa amri moja tu: Baba asisumbuliwe. Mama alimletea maji, chai, gazeti. Mama alimfunga viatu. Benki alikwenda Mama, vikao vya harusi alikwenda Mama, shuleni kwetu alikuja Mama. Baada ya kustaafu, Baba alihamia barazani na redio yake, na hapo akakaa kama mgeni anayesubiri gari. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi. Alikuwa hayupo tu. Unaweza kuishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo miaka mingi na usijue kwamba umempoteza, kwa sababu kila jioni unamkuta pale pale ulipomwacha asubuhi.

"Mzee, uliinua kichwa"

Mwaka 2017 jirani yetu mmoja, sajini mstaafu, alimburuza Baba hadi Lugalo. Kama hujui, pale kambini Lugalo, ukipita barabara ya Bagamoyo, kuna uwanja wa gofu wa Jeshi la Wananchi, wa mashimo 18, na raia pia wanacheza. Baba alikwenda kunywa soda na kuangalia watu. Sisi wote tulikuwa tunajua gofu ni mchezo wa wakubwa, watu wa vitambi na magari. Kumbe pale wapo makoplo, wapo walimu, na wapo vijana wa mitaa ya jirani waliojifunza kwa kubeba mifuko ya wengine.

Basi bwana, mtu mmoja akampa Baba fimbo, akamwambia ajaribu. Mara ya kwanza akapiga hewa. Mara ya pili hewa. Ya tatu akachota mchanga. Ya nne ule mguu wa bandia ukamsaliti, akaenda chini mzima mzima mbele ya watu.

Nilimuuliza miaka kadhaa baadaye: sasa Baba, kilichokurudisha kesho yake ni nini? Maana alirudi, tena kwa bajaji, bila kumwambia Mama anakwenda wapi. Akanijibu hivi:

"Nilipoanguka, nikasubiri pole. Nimezoea. Tangu '79 kila nikijikwaa nasikia pole mzee, pole mzee. Yule kijana kedi akanitazama, akasema, 'Mzee, uliinua kichwa. Ukipiga usiinue kichwa, angalia mpira.'"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, miaka 38 watu wananipa pole. Yule mtoto alinipa kosa langu."

Nimehariri makala za mahusiano kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na sijapata kukutana na sentensi iliyonichoma kama ile. Ukimpa mtu pole, umemwambia yaliyomkuta yamekwisha kumkuta. Ukimwonyesha kosa lake, umemwambia anaweza kurekebisha. Sisi nyumbani tulimpa Baba pole za kutosha kujaza stoo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa kosa la kurekebisha.

Mke mwenza wa chuma

Usifikiri nyumbani tulipiga vigelegele. Mama alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kijinga.

Elewa kwanza jambo moja. Mtu wa mguu wa bandia, mwisho wa mguu wake halisi, yaani kile kigutu, hukaa ndani ya kikombe kigumu. Kwa joto la Dar kigutu kinatoka jasho, jasho linaleta msuguano, msuguano unaleta kidonda. Na ukipata kidonda huvai mguu mpaka kipone. Mashimo 18 ni mwendo wa zaidi ya kilomita sita, kwenye vilima na mabonde. Baba, kwa ulevi wa mtu aliyepata kitu kipya uzeeni, alicheza siku nne mfululizo. Ya tano hakuweza kuvaa mguu. Wiki tatu nzima alitembelea magongo.

Mama akachukua fimbo, zile za mtumba ambazo Baba alizinunua kwa kudunduliza, akazifungia stoo, ufunguo akauweka kifuani.

Siku hiyo nilikuwepo. Mama alisimama mlango wa jikoni akasema, "Miaka zaidi ya 30 nimefua soksi za kigutu hicho. Nimekuogesha, nimekufunga viatu. Hukuwahi kucheka hivyo na mimi. Leo kipande cha chuma ndicho kimekufufua? Basi nenda ukakioe."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kwa upole, "Mama watoto, mimi nilikatika mguu. Sikuumwa. Wewe ukanitunza kama mgonjwa, na mimi nikakubali kuwa mgonjwa, maana ilikuwa rahisi. Kosa si lako peke yako."

Nyie mnaofuatilia kurasa hizi mnajua tunavyopenda kuandika kuhusu usaliti: simu za siri, meseji za usiku. Huu nao ulikuwa usaliti wa aina yake, na hakukuwa na mwanamke wa nje. Mama alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya kuhitajika. Mgonjwa wake akiinuka, yeye abaki nani? Nililiona swali hilo usoni mwake, na sikuwa na jibu la kumpa.

Walichukua miezi kupatana. Makubaliano yao yalikuwa ya kiaskari kabisa: mara mbili kwa wiki, mashimo tisa tu mpaka kigutu kizoee, na hata baadaye, akifika shimo la tisa lazima avue mguu, akaushe jasho, abadili soksi. Mama mwenyewe akachukua fulana za zamani za pamba akazikata, akashona soksi laini, jozi sita. Hapana, nimekosea. Si jozi. Soksi sita, za mguu mmoja. Na ufunguo wa stoo akaurudisha mezani. Siku hizi asubuhi za gofu ni zake. Amejiunga na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, na Baba anajichemshia chai.

Kitambaa na kisu

Usiku mmoja, natafuta habari nyingine kabisa kwenye intaneti, nikakutana na Ernest Jones. Huyu alikuwa Mwingereza, mwalimu wa gofu, akaenda vitani Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916, karibu na Loos, alijeruhiwa, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Kulia, chini ya goti! Nilisimama kabisa kwenye kiti.

Jones alirudi uwanjani akiwa na magongo na mguu mmoja, akazunguka mashimo 18 kwa mikwaju 83. Sisi wenye miguu miwili wengi hatutafika hapo hadi tunazikwa. Akajiuliza: kama mguu mmoja unatosha, basi siri ya mchezo haimo miguuni. Akagundua kwamba mikono ikijua kukipeleka kichwa cha fimbo, mwili uliobaki utafuata wenyewe. Alihamia Marekani, akawa mmoja wa walimu wa gofu maarufu wa zama zake. Wanafunzi aliwaonyesha kwa kitambaa cha mkononi kilichofungwa kisu kidogo cha kukunja kwenye ncha. Kibembeze taratibu, kisu kinafuata kitambaa kwa utulivu. Tumia nguvu, kinarukaruka ovyo.

Jumapili nikampelekea Baba habari hiyo. Hakusema neno. Alichomoa kitambaa mfukoni, akamwita Mama alete kisu kidogo cha maembe, akakifunga. Tukasimama barazani sisi watatu, tukibembeza kitambaa kwa zamu. Nakwambia, sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa tumefanya jambo moja pamoja bila mtu kumhudumia mwenzake.

"Huyu bwana," Baba alisema akikitazama kisu, "alipigana vita yake, mimi yangu, na hatukujuana. Lakini tungeelewana."

Yuko pia Douglas Bader, rubani wa Uingereza aliyekatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya ndege Desemba 1931. Alijifunza gofu kwa miguu miwili ya bandia, akarudi kurusha ndege Vita vya Pili, akatekwa 1941, na akaendelea kucheza gofu uzeeni. Nilipomwambia Baba, alitikisa kichwa: "Miwili? Huyo sasa anajidai."

Nilipotembea nyuma yake

Mwaka 2023 Baba alinipigia simu. "Jumamosi kuna shindano la klabu. Njoo unione nikitembea." Alisema kutembea. Hakusema kucheza. Nikajua ananikumbusha kitu, au labda ni dhamira yangu tu iliyokuwa inasikia hivyo.

Nikafika na viatu vyangu vya mjini. Kufikia shimo la tano nilikuwa nimevivua. Baba anatangulia, kofia kichwani, kaptula. Ndiyo, kaptula! Mtu ambaye utoto wetu wote hatukuwahi kuuona mguu wake mchana, siku hiyo chuma chake kilikuwa kinang'aa juani na hakuna aliyegeuka kukiangalia. Vijana wa jeshi wakipishana naye wanakakamaa, "Jambo Afande!" naye anajibu akitafuta mpira wake majanini.

Kedi wake, yule yule wa 2017, sasa mtu mzima mwenye familia, alinieleza hendikepu ni nini. Ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji dhaifu anapunguziwa ili ashindane sawa na hodari. Baba alikuwa na 33, kapteni mmoja kijana aliyecheza naye alikuwa na 6. Nikacheka mwenyewe, maana nilikumbuka kwamba kwa Kiingereza neno hilo hilo lilitumika miaka mingi kumtaja mlemavu. Kwenye gofu lina maana kwamba upungufu wako unajulikana, umeandikwa, umehesabiwa, na baada ya hapo unatakiwa ucheze. Hata kanuni za kimataifa, tangu Januari 2023, zimeingiza ndani yake kanuni ya 25 kwa wachezaji wenye ulemavu. Imo ndani ya kitabu pamoja na nyingine zote.

Shimo la 14 lina mteremko. Mpira wa Baba ulikaa vibaya, mguu wa bandia ukiwa upande wa chini. Akapiga. Mpira ukaenda, na yeye akaenda. Nilimwona akianguka kwa bega, fimbo ikaruka upande wake.

Nikakimbia. Sikufikiri, nilikimbia tu, pekupeku, nikiwa tayari na neno mdomoni: pole Baba, pole. Yule kedi akanyoosha mkono mbele yangu, bila kunigusa.

"Dada, subiri kwanza."

"Ameanguka!"

"Nimemwona. Akitaka mkono, ataomba."

Niliiona ile dakika ikipita kama saa nzima. Baba akageuka kifudifudi, akakunja goti zima, akaivuta fimbo, akaisimika, akajiinua kidogo kidogo. Akajipangusa nyasi. Wala hakututazama sisi. Aliutazama mpira umefika wapi. Kisha akauliza, "Niliinua kichwa?"

"Hapana Mzee," kedi akajibu. "Safari hii ni mteremko tu."

Nililia, mwenzangu, na sikulia kwa huruma. Nililia kwa sababu niliona ni mara ngapi, miaka yote ile, tulimwahi kabla hajasimama.

Siku hiyo Baba alipiga mikwaju 104. Toa 33, inabaki 71. Kapteni alipiga 79, toa 6, ni 73. Mzee wangu wa miaka 64 alimpita kijana wa jeshi kwa mikwaju miwili, akashika nafasi ya tatu, na zawadi ilikuwa mwavuli. Mwavuli huo haufunguliwi hata mvua ikinyesha.

Na wewe unambebea nani?

Nikarudi nyumbani kwangu na macho mapya, na sikupenda nilichokiona. Mwanzoni mwa mwaka huo huo mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi. Mimi, kwa mapenzi yangu, nilikuwa nimechukua kila kitu: kodi nalipa kimya kimya, ada nalipa kimya kimya, wageni wakiuliza namjibia. Kila asubuhi namwambia, "Pumzika tu, baby." Nilikuwa namjengea baraza na kumwekea redio.

Jioni ile nikampa daftari la bajeti. Nikamwambia, "Mimi nimechoka, na hapa mwezi uliopita tulikosea. Hebu angalia." Tuligombana. Lakini tuligombana kama watu wawili wazima, na wiki iliyofuata daftari lile lilikuwa mikononi mwake. Ana biashara ndogo sasa. Imewahi kuyumba, na nimejikaza nisikimbie pekupeku.

Mfuko namsaidia kubeba. Kedi mzuri anabeba, anakuambia umbali, anakuonya penye mteremko. Kupiga hapigi.

Bado nilikuwa na deni langu. Ile Jumamosi, baada ya mwavuli, tulikaa chini ya mti, Baba amevua mguu ameuegemeza kwenye kiti cha pembeni kama rafiki aliyechoka. Nikamwambia yote. Kwamba mwaka 2012 halikuwa jua. Kwamba niliona aibu, na naomba anisamehe.

Alikuwa anafuta jasho la kigutu kwa moja ya soksi za Mama. Akafuta mpaka akamaliza.

"Nilijua," akasema. Halafu baada ya muda: "Ngazi zenyewe zilikuwa ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Niliwahi kurudi pale ukumbini, miaka mingi baadaye, nikazihesabu.

"Nane, Baba."

"Nane!" Akaugeukia uwanja mzima uliokuwa unaanza kuingia giza, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, safari nyingine usiinue kichwa."